TAHADHARI: Dodoma tunauziwa oksijeni sensa mtumba kwenye boksi jipya

Wadau wa Dodoma, hasa wenye IST na vigari vidogo vidogo, kuweni makini sana na mafundi wanaokuja na spea mfukoni. Limenikuta mwezi uliopita na mpaka leo linaniuma.

Gari ilianza kula mafuta. Mi nakaa Kisasa kazini ni Mtumba, mafuta ya elfu 30 yalikuwa yananitoa siku 4, ghafla siku ya 3 asubuhi taa ya mafuta inawaka. Sailensa (mzunguko wa injini gari ikiwa imesimama) inapanda inashuka yenyewe, nyuma inanuka petroli mbichi, bomba la moshi ukipitisha kidole kinatoka cheusi tii, na taa ya cheki injini imewaka. Nikaelekezwa kwa fundi mmoja hapa mjini, akachomeka mashine ikasoma P0135, akasema oksijeni sensa ya mbele, kile kifaa kwenye bomba la moshi kinachopima oksijeni, imekufa. Hapo hakudanganya, namba hiyo inahusu hita ya ile sensa. Hita ikifa sensa inachelewa kupata moto, kontroli boksi (kompyuta ya injini) haijui kwenye moshi imebaki oksijeni kiasi gani, basi inakisia tu na mara nyingi inamwaga petroli kuliko inavyotakiwa.

Uongo ulikuwa kwenye spea. Alileta boksi safi kabisa, nikatoa 160,000, akafunga, akafuta namba kwa mashine, taa ikazimika nikaondoka nafurahi. Nikamwomba ile ya zamani akasema ashatupa. Akataka na masega (kile kichujio cha moshi ndani ya bomba) ayatoe eti yameziba, nikakataa, na namshukuru Mungu nilikataa.

Siku ya 3 taa hiyoo. Nampigia hapokei. Nikaenda kwa fundi mwingine Kizota, mzee mtulivu, akaifungua akaweka mita kwenye waya za hita, umeme haupiti kabisa, imekatika ndani. Akanionyesha ncha ilivyosuguliwa na msasa, kwenye vitundu vya ndani masizi bado yapo, thredi zina mikwaruzo ya spana halafu zimepakwa grisi juu. Yaani ni sensa iliyotolewa kwenye gari ya mtu kama mimi, ikaoshwa, ikarudishwa sokoni, na yangu naamini saa hizi iko kwenye gari ya mwenzangu.

Jamani sensa mpya ncha yake inang'aa haina doa la moto, na nyingi zinakuja na kofia ya plastiki kwenye ncha, mwambie akufungulie boksi mbele yako kabla hujatoa hela na ile mbovu ondoka nayo. Taa kuzimika pale gereji sio ushahidi, kufuta namba ni sekunde tu, endesha siku kadhaa ndo umalizie malipo. Na angalia ukiweka swichi on kabla ya kuwasha injini, taa ya cheki injini lazima iwake kwanza ndo izime, isipowaka kabisa ujue kuna mtu kaichezea. Pia sio kila gari inayokula mafuta ni sensa, bomba likitoboka kabla ya sensa nayo inasoma uongo, huyo mzee alianza kukagua hilo kwanza kabla hajagusa kitu.

Hela sijarudishiwa. Sensa yenyewe ninayo kwenye buti, aliyeko Kisasa anayetaka kuona msasa ulivyopita aje nimwonyeshe.