Amonaiti halisi, lebo ya uongo

Naanza na nyota moja, na hiyo moja ni ya boksi, maana lilifungwa vizuri.

Miezi kadhaa iliyopita niliagiza mtandaoni amonaiti, yaani gamba lililogeuka jiwe la mnyama wa bahari aliyetoweka zamani, lililojizungusha kama la konokono na kugawanywa kwa kuta kuwa vyumba vyumba. Tangazo lilisema: kisukuku halisi kutoka bahari za Jurasi, Madagaska, kimekatwa katikati na kung'arishwa, vipande viwili pacha. Vipimo na uzito viko kwenye tangazo, sitavirudia. Mimi nimekuja kulalamika.

Mzigo ulipofika nilianza kuushuku kwa njia ya kawaida, kwa sababu nimewahi kuuziwa plastiki nikaiweka kabatini kwa heshima zote. Safari hii nikapasha sindano moto hadi ikawa nyekundu, nikaigusisha pembeni pasipoonekana. Hakuna kilichoyeyuka, hakuna kilichonuka. Nikaliweka jiwe shavuni, likawa baridi na likakaa baridi. Nikavikutanisha vipande viwili kama mtu anayefunga kitabu, na kila ukuta wa upande huu ukakuta mwenzake upande ule. Kisha nikachukua lenzi nikautafuta mrija, ule uliopita chumba hadi chumba, ambao mnyama aliutumia kuondoa maji vyumbani ili aelee. Kwa nautilasi wa leo, ndugu yake wa mbali aliye hai bado, mrija hupita katikati ya kuta. Kwa amonaiti kwa kawaida hukaa ukingoni, upande wa nje. Nikaukuta pale pale ukingoni, mwembamba kama uzi wa kushonea, umegeuka kahawia. Vyumba vingine vimejaa madini ya kalsaiti yenye rangi ya asali, vingine vimebaki na uwazi mdogo, na ndani ya uwazi kuna fuwele ukizigeuzia taa zinakukonyeza. Nilikaa nayo mpaka usiku mkubwa, jamani.

Kwa hiyo si feki. Hilo naliweka wazi kabla sijaanza kufoka.

Tatizo ni neno moja, Jurasi.

Kadiri nilivyozidi kuitazama ndivyo mashaka yalivyozidi kuniingia. Gamba limebanwa ubavuni kama sahani, mzunguko wa nje umeufunika wa ndani karibu wote, na mbavu zake ni hafifu. Amonaiti za Jurasi kutoka Madagaska ambazo huuzwa kwa wingi, zile za jamii ya Perisphinctes, zina mbavu ambazo unaweza kuzihesabu kwa kidole ukiwa umefumba macho. Hii yangu ni Cleoniceras, ile inayochimbwa upande wa Mahajanga, ambayo kila mwenye mashine ya kung'arishia mawe anayo. Na Cleoniceras ni mnyama wa Kretasia, kipindi kilichofuata Jurasi, wa miaka milioni 110 hivi iliyopita. Jurasi ilikwisha miaka milioni 145 iliyopita.

Nikamwandikia muuzaji kwa adabu. Habari za kazi, mzigo nimeupata, ni mzuri sana, ila naomba kuuliza kidogo kuhusu umri wake. Nikaambatanisha picha, na ya mrija pia. Akajibu: "Ni ya zamani." Hilo tu. Nikafafanua upya, kwa kirefu zaidi, labda kwa kirefu mno. Jibu la pili likaja: "Ndugu mteja, hiyo miaka unayoidai, wewe ulikuwepo?"

Wewe ulikuwepo!

Sentensi hiyo nimekaa nayo wiki nzima. Nikioga inanijia. Nikilala inanijia. Kati ya mwisho wa Jurasi na mnyama wangu kuna miaka milioni 35 hivi, na hiyo ni zaidi ya nusu ya muda wote uliopita tangu amonaiti wa mwisho na dinosaria wakubwa walipotoweka, kama miaka milioni 66 iliyopita, mpaka leo hii tunavyobishana. Kwake yeye hiyo ni chenji. Na ingekuwa kisukuku kingine ningenyamaza, lakini amonaiti ndiyo saa ya miamba yenyewe! Zilibadilika umbo haraka na kusambaa bahari nyingi, ndiyo maana tangu karne ya 19 watu kama Albert Oppel wa Ujerumani walizitumia kuyapanga matabaka ya Jurasi, hili limetangulia lile. Kumuuzia mtu amonaiti ukampa umri wa uongo ni kumuuzia saa halafu umwambie majira hayana umuhimu.

Haya, nipumue.

Nikitulia namwelewa kidogo. Pengine lebo aliikuta imeshaandikwa na aliyemuuzia. Na neno Jurasi linavuta wateja, kila mtu amelisikia. Kretasia hata kulitamka ni shughuli. Uongo wa wauza amonaiti haukuanza naye pia. Pale Whitby, Uingereza, zamani walikuwa wakizichongea vichwa vya nyoka, kwa kuwa masimulizi ya pale yanasema Mtakatifu Hilda aliwageuza nyoka kuwa mawe. Lakini angalau wale walichonga, walitoka jasho. Huyu wangu ameandika neno tu.

Basi ziwe nyota mbili. Tatu, nikiukumbuka mrija.

Kwa anayetaka kununua: "ni halisi?" ni swali ambalo kila muuzaji ana jibu lake tayari. Muulize imetoka eneo gani hasa na tabaka gani. Jina la nchi halitoshi, maana Madagaska ina za Jurasi na za Kretasia, na tofauti hiyo ndiyo iliyonikosesha usingizi mimi.

Halafu likatokea jambo lililoniharibia hasira. Nilimwandikia mara ya tatu, ujumbe ambao sitaunakili hapa, nikitegemea matusi. Akajibu kwamba kama sijaridhika nirudishe vipande vyote viwili, atanirejeshea fedha yote pamoja na gharama ya kusafirisha. Hakubishana. Nikakaa na simu mkononi sina la kusema. Nikavifunga vipande kwenye karatasi ileile, nikavirudisha kwenye boksi lilelile, nikabandika gundi. Asubuhi nikalifungua. Nilitaka tu kuziona zile fuwele mara ya mwisho, na mpaka leo sijavifunga tena.

Kwa hiyo siwezi kusema huduma ni mbaya. Siwezi kusema ni nzuri pia, kwa sababu ile "wewe ulikuwepo" bado haijaniondoka. Kwenye lebo nimelikata neno Jurasi kwa kalamu nyekundu nikaandika Kretasia juu yake, na mwandiko wangu umeiharibu lebo yote.

Juzi nimeona ana amonaiti nyingine, Dactylioceras moja kutoka Whitby, ndogo, mbavu zimepangana kama kamba iliyokunjwa, bado imekaa nusu ndani ya jiwe lake jeusi. Hiyo ni Jurasi bila ubishi. Nikamwuliza hata hivyo, kwa makusudi, ni ya kipindi gani. Amechukua siku mbili kujibu.

"Hii nimeulizia," akaandika. "Ni Jurasi. Ila mimi sikuwepo."

Nimeiagiza.