Maua ya waya na plastiki ya maji: mkono wangu si mzito

"Bi mkubwa, mkono wako mzito. Kazi hii yataka wepesi." Ndivyo alivyonijibu yule kijana wa dukani, huku akitafuna muguka na wateja wamejaa. Mimi, niliyetunga asmini tangu sijavunja ungo, naambiwa mkono mzito!

Nilikuwa nimenunua kwake seti ya kutengenezea maua ya waya na plastiki ya maji, kwa ajili ya harusi ya mpwa wangu. Kazi yenyewe haina uchawi. Unapinda waya mfano wa petali, unasokota shina, unachovya kile kitanzi kwenye chupa ya plastiki ya maji, kisha unakitoa taratibu kwa ubavu. Utando unabaki umetanda kama povu la sabuni, nao hukauka. Basi petali zangu nusu zilipasuka pwaa! Zilizosalia zikaingia ukungu, nyeupe kama jicho la mzee. Na harufu! Yapasua kichwa, na jiko la makaa usilisogeze karibu kabisa, ile ni thina, dawa ya kuzimulia rangi.

Nikamrudishia chupa. Plastiki ilikuwa nzito kama uji wa jana, kifuniko kina vumbi. Hakutazama hata. Mkono wangu, mkono wangu, basi.

Aliyenifumbua macho ni jirani, fundi wa kupuliza rangi magari. Alicheka. "Mamangu, umechovya jioni ya mvua? Hata mimi masika sipulizi." Kumbe thina ikiruka haraka petali hupoa, unyevu wa hewa ukatua juu yake, ndio ule weupe. Na hapa petu masika hata chumvi mezani yalia machozi. Jambo la kusema kwa pumzi moja, na muuzaji mzima wa Mombasa hakulisema!

Nikaizimua ile plastiki kwa matone ya thina, nikangoja siku kavu, saa sita ya jua kali. Wallahi, petali ya kwanza ilitoka angavu kama bawa la kereng'ende, na mwanga wa dirisha ukapita ndani yake ukaangukia leso yangu, mwekundu. Chai ilipoa nikiitazama.

Nilikusudia kuwaambia msinunue. Sasa sijui. Nunueni, lakini tikiseni chupa kwanza, na si kwa yule. Ingawa nyekundu imeniishia na sijaiona duka jingine. Nimemtuma mpwa akachukue chupa mbili, na lile ua aende nalo mkononi, alipitishe mbele ya macho ya yule kijana.