Balansi ya rola kwa gari jipya linalotetemesha usukani: inachotibu na isichotibu

Gari limetoka kwa muuzaji, halijamaliza hata kilomita elfu moja, na likifika mwendo wa 90 usukani unaanza kucheza mkononi. Likirudishwa, jibu la kwanza mara nyingi huwa alaimenti, yaani kurekebisha pembe za magurudumu. Likatae jibu hilo. Alaimenti mbovu hulivuta gari upande mmoja na kula matairi. Haitetemeshi usukani wa gari ambalo matairi yake bado yana vinyweleo vya kiwandani. Cha kuomba ni balansi, yaani kusawazisha magurudumu, na balansi ziko za aina mbili. Tunayoikagua hapa ni ile ya mashine yenye rola.

Mashine ya kawaida huzungusha tairi hewani na kupima uzito tu. Inaonyesha upande uliozidi, fundi anabandika vipande vya uzito, kioo cha mashine kinasoma sifuri. Lakini barabarani tairi limebeba gari. Linaweza kuwa na uzito sawasawa pande zote na bado likawa na sehemu moja ngumu, pale tabaka za nyuzi zilipopishana lilipokuwa likiundwa, au likawa limevalishwa rimu yenye umbo la yai. Kila sehemu hiyo ikifika chini, habu, yaani kitovu ambacho gurudumu hufungwa, inasukumwa juu. Mashine ya rola, inayojulikana zaidi ikiwa ile ya Hunter iitwayo Road Force, hulikandamiza tairi kwa rola yenye mzigo wa mamia ya kilo, ikalizungusha polepole na kupima jinsi nguvu hiyo inavyopanda na kushuka. Hapo ndipo ugonjwa usioonekana kwenye mashine ya kawaida unapojitokeza.

Kabla ya kulipia chochote, kuna ukaguzi usio na gharama. Magari mengine husafirishwa na upepo mwingi kuliko wa barabarani ili matairi yasibonyee, na muuzaji anatakiwa kuupunguza kabla ya kukabidhi gari. Pima tairi zikiwa baridi na linganisha na kibandiko cha kwenye nguzo ya mlango wa dereva. Gari lililosimama miezi kadhaa bandarini au uwanjani hupata bapa pale tairi lilipogusa chini. Endesha nusu saa kwa mwendo wa barabara kuu. Mtetemo ukififia tairi zikipata moto, hilo ni bapa, na mara nyingi huisha baada ya safari chache. Bapa lisipoisha, tairi limekufa umbo. Kisha chungulia ndani ya rimu. Ukiona alama ya mstatili iliyo safi kuliko sehemu nyingine, yenye mabaki ya gundi, kipande cha uzito kimeanguka na umeshapata mchawi. Matope yaliyokauka kwenye kona ya ndani hufanya kosa lilelile.

Unaweza pia kuhakikisha kwa hesabu kwamba chanzo ni tairi. Tairi la 205/55R16 lina mzingo wa karibu mita 2, hivyo kwa kilomita 100 kwa saa huzunguka mara 14 kwa sekunde. Programu ya simu ya kupima mtetemo, simu ikiwa imelazwa imara juu ya dashibodi, ikionyesha hezi 14, yaani mitetemo 14 kwa sekunde, kwa mwendo huo, ni tairi, rimu au habu. Ikionyesha mara tatu au nne ya hapo, na gari linasukumwa na magurudumu ya nyuma, shuku shafti ya propela, ile inayopeleka nguvu ya injini nyuma. Mtetemo wa usukani hutoka zaidi mbele. Unaosikika kwenye kiti na sakafu hutoka zaidi nyuma.

Sasa huduma yenyewe. Ubora wake unategemea fundi kuliko mashine, na kosa kubwa hutokea mapema kabisa, wakati wa kufunga gurudumu kwenye shafti ya mashine. Rimu nyingi za kisasa hukaa katikati kwa tundu la kati, kwa hiyo koni inayolingana na tundu hilo hupaswa kuingia kwa nyuma, uso wa rimu ukiwa umefutwa vumbi na kutu. Likifungwa kombo, mashine itasawazisha ukombo huo kwa uaminifu wote, na gari litarudi barabarani likiwa baya kuliko lilivyokuja. Kuna jaribio la dakika mbili: baada ya kioo kusoma sifuri, mwambie fundi alegeze, azungushe gurudumu nusu duara juu ya shafti, akaze tena na kupima. Ikitokea zaidi ya gramu 5, halikufungwa katikati. Fundi akinuna kwa ombi hilo, hiyo nayo ni sehemu ya ukaguzi.

Omba usomaji wa kila gurudumu, kabla na baada. Kwa gari dogo, tofauti ya nguvu iliyo chini ya newtoni 80 kwa kawaida haisumbui. Ikipita 120 au karibu na hapo, magari mengi yenye usukani mwepesi huanza kulalamika. Ikiwa juu, kazi inayofuata ndiyo inayoipa huduma hii thamani. Mashine huonyesha sehemu ngumu ya tairi na sehemu ya rimu iliyobonyea kuelekea kitovu, fundi anazitia chaki, anatoa upepo, anabandua ukingo wa tairi na kulizungusha mpaka alama hizo mbili zikutane, kisha anajaza upepo na kusawazisha upya. Matairi mengi mapya huwa na nukta nyekundu ya kuonyesha sehemu hiyo ngumu ya tairi, ila uamuzi wa mashine una nguvu kuliko nukta. Tairi lililobanduliwa hivyo hupakwa kilainishi, kwa hiyo siku ya kwanza usifunge breki kwa ghafla wala kuondoka kwa fujo: linaweza kuteleza juu ya rimu na kazi yote ikaharibika. Usomaji ukibaki juu hata baada ya tairi kuzungushwa, tairi libadilishwe. Kulihamishia nyuma kunaficha tu.

Kazi nzuri huharibiwa wakati wa kurudisha gurudumu kwenye gari. Bunduki ya upepo hukaza nati moja kupita kiasi na nyingine kwa kubahatisha, na diski ya breki inapindia hapo. Nati zianzwe kwa mkono, zikazwe kwa mtindo wa nyota, zimaliziwe kwa spana yenye kipimo. Magari mengi madogo yanataka kati ya newtoni-mita 100 na 120, ila kitabu cha gari ndicho cha mwisho. Zipimwe tena baada ya kilomita 50 hadi 100. Na kama muuzaji alivisha rimu za urembo zenye tundu kubwa kuliko habu, bila pete za kujaza nafasi hiyo usitegemee balansi yoyote.

Ambacho rola haitatibu ni kingi. Mtetemo unaokuja ukikanyaga breki tu ni wa diski: tofauti ya unene ya sehemu mbili za mia za milimita inatosha, na kwenye gari lililokaa sana, kutu iliyoganda chini ya pedi ni mshukiwa wa kwanza. Unaokuja ukiongeza mafuta na kupotea ukiachia ni wa jointi ya ndani ya ekseli. Unaokuja gari limesimama likiwa kwenye gia ni wa mauntingi, vishikio vya injini. Na ule wa sekunde moja kila ukikanyaga mstari wa barabara bila kuwasha indiketa ni mfumo wa kukuonya umetoka njia. Unazimwa kwenye menyu, na kuna watu wameshasawazishiwa matairi kwa ajili yake.

Kwa mtetemo wa mwendo kasi usiohusiana na breki wala mafuta, balansi ya kawaida ikiwa imeshindwa mara moja, nenda kwenye rola moja kwa moja. Kurudia ileile kwa mara ya pili ni kupoteza muda. Na kwa kuwa gari lina waranti, usikubali fomu ya kazi iandikwe "usukani unatetemeka" tu. Iandikwe mwendo unaoanzia na unaoishia, breki imekanyagwa au la, tairi baridi au moto, kisha fundi apande nawe mwende barabarani kabla gari halijainuliwa kwenye jeki.