Tathmini: Kikao cha Maoni ya Umma Kuhusu Bajeti ya Kaunti

Huduma tunazozoea kuzipima kwa maandishi ni zile tunazozilipia papo hapo, kama vile hoteli, fundi, gari la abiria au hospitali ya kibinafsi. Kikao cha kaunti cha kupokea maoni ya umma kuhusu bajeti hakina tikiti wala risiti, na pengine ndiyo sababu watu hawakipimi, ilhali kinagharimiwa na kodi na ushuru wetu kama huduma nyingine yoyote ya serikali. Nimehudhuria vikao hivyo kwa miaka mitatu mfululizo katika wadi ninayoishi, kwenye kaunti moja ya pwani ya Kenya, na mwaka jana nilikwenda pia kuketi sehemu ya wageni katika bunge la kaunti ili nijue maneno yetu huishia wapi. Ninamwandikia yule aliyesikia gari la vipaza sauti likipita mtaani na kujiuliza kama inafaa kufunga duka asubuhi ili aende kuketi ukumbini. Inafaa, lakini aende akijua mambo ambayo mimi nilichelewa kuyajua.

Haki ya kuwapo pale haitokani na hisani ya mtu. Kifungu cha 196 cha Katiba ya 2010 kinaliagiza bunge la kaunti liendeshe shughuli zake kwa uwazi, lifanye vikao hadharani na kuushirikisha umma, na Sheria ya Serikali za Kaunti ya 2012 inaeleza misingi ya ushirikishaji huo. Ninayataja haya mapema kwa sababu katika kikao changu cha kwanza mlinzi wa mlangoni aliniuliza nimealikwa na nani, nami sikuwa na jibu. Siku hizi ninalo.

Tuanze na mapokezi. Mwaka wa kwanza tangazo lilitufikia siku mbili kabla ya kikao, likiwa limebandikwa katika ofisi ya msimamizi wa wadi na kutumwa kwenye makundi ya simu ya wazee wa mitaa, kwa hiyo wavuvi waliokuwa baharini hawakulisikia kabisa. Mwaka jana lilitolewa wiki nzima kabla, likasomwa pia misikitini na makanisani, na tofauti ilionekana ukumbini, kwani viti vilijaa na vijana wakasimama madirishani. Ukumbi wenyewe ni safi na una feni, maji ya kunywa yalikuwapo, na mwaka jana, kwa mara ya kwanza, alikuwapo mkalimani wa lugha ya ishara, jambo ninalowapongeza maafisa kwa dhati. Hata hivyo, mlangoni kuna ngazi tatu na hakuna njia ya kiti cha magurudumu. Jirani yangu mmoja alibebwa na vijana wawili ili aingie kutoa maoni kuhusu huduma za walemavu, na nilimwona akiinamisha uso muda wote aliokuwa amebebwa. Kikao kilichotangazwa kuanza saa tatu kilianza saa tano kasorobo. Kwa mama mboga, saa hizo karibu mbili ni mauzo ya asubuhi nzima.

Dosari kubwa ya mapokezi ni kitabu cha makadirio ya bajeti. Nakala zilikuwa chache mno kwa ukumbi mzima, nasi tulizipokezana kama watoto wa shule wanaogawana kitabu kimoja cha hesabu, na zote ziliandikwa kwa Kiingereza cha wahasibu. Kifungu cha 7 cha Katiba kinasema Kiswahili ndiyo lugha ya taifa, tena ni lugha rasmi pamoja na Kiingereza. Afisa wa fedha alitufafanulia kwa Kiswahili kizuri, kwa subira, na maswali aliyajibu bila dharau, lakini ufafanuzi wa mdomo hauwezi kuchukuliwa nyumbani ukasomwa taratibu, ukalinganishwa na wa mwaka uliopita. Sikutarajia kitabu kizima kitafsiriwe. Kurasa mbili za Kiswahili zenye miradi ya wadi yetu, mahali ilipo na fedha zilizotengwa, zingetosha kumwezesha mtu kusimama akaongea kwa uhakika.

Hayo yote yanavumilika. Ninalotaka kulieleza kwa kirefu ni namna maoni yenyewe yanavyochukuliwa, kwa kuwa hapo ndipo huduma hii inapopata thamani au inapoipoteza.

Mwaka jana, mambo yaliyoletwa yalikuwa yale yale ya kila siku: mtaro wa barabara ya sokoni unaofurika kila masika na kumwaga maji machafu kwenye vibanda, taa za mulika mwizi zilizozimika karibu na kituo cha boda boda, dawa zinazokwisha zahanati kabla ya mwezi kwisha, na ushuru wa soko unaotozwa kila siku huku choo cha soko kikiwa kimefungwa kwa kufuli. Watu waliongea kwa utaratibu, kila mmoja dakika mbili, na mwandishi wa kikao alinakili. Wengine walileta malalamiko ya vitambulisho vya taifa na ya kituo cha polisi. Mwenyekiti aliwaacha wamalize kisha akawaeleza kwa upole kwamba hayo ni ya serikali ya kitaifa, wala si ya kaunti. Ningependa ufafanuzi huo utolewe mwanzoni kwa kila mtu, maana mzee mmoja alikuwa amepanda gari mbili kuja kuuliza habari ya kitambulisho cha mjukuu wake.

Kisha alisimama mama mmoja muuza samaki, akaomba banda la mnada lijengewe chumba cha barafu, kwa sababu samaki wasiouzwa hadi adhuhuri hutupwa au huuzwa kwa hasara. Mwenyekiti akamjibu, "Mama, tumesikia, tumeandika." Lakini kijana mmoja aliyeketi nyuma aliomba nafasi akauliza: fedha za hicho chumba zitatolewa wapi? Swali lile lilibadilisha kikao. Mama aliomba kitabu, akasaidiwa kutafuta ukurasa, akasema wapunguze fungu la safari na ukarimu la idara moja aliyoitaja. Ukumbi ulipiga makofi, na kwa mara ya kwanza asubuhi ile nilimwona afisa wa fedha mwenyewe akishika kalamu.

Baadaye nilielewa kwa nini. Sheria ya Usimamizi wa Fedha za Umma ya 2012 haiwaruhusu wawakilishi wadi kuongeza fungu moja la makadirio bila kupunguza fungu jingine kwa kiasi hicho hicho. Kwa hiyo mwananchi anayesema "tunataka mtaro" anampa mwakilishi wake ombi tu, lakini anayesema "tunataka mtaro, na fedha zake zitoke hapa" anampa pendekezo linaloweza kuingia katika ripoti ya kamati likiwa kamili. Kanuni hii ndiyo msingi wa kazi nzima ya siku ile, na katika miaka mitatu sikuwahi kusikia afisa yeyote akiieleza mwanzoni mwa kikao. Tuliijua kwa swali la kijana yule.

La pili ambalo halielezwi ni kalenda. Makadirio hufikishwa katika bunge la kaunti kufikia tarehe 30 Aprili na hupaswa kupitishwa kufikia tarehe 30 Juni, kwa kuwa mwaka wa fedha huanza tarehe 1 Julai. Kwa hiyo vikao vyenye watu wengi huwa Mei, na ndivyo vinavyotangazwa kwa magari ya vipaza sauti. Lakini mpango wa maendeleo wa kila mwaka, ambamo miradi huorodheshwa, huwasilishwa bungeni kufikia tarehe 1 Septemba ya mwaka uliotangulia, na hati ya mkakati wa fedha, inayoweka kiwango cha juu cha matumizi ya kila idara, huwasilishwa kufikia tarehe 28 Februari. Yaani tunapoitwa Mei, chakula kimeshapikwa na sahani zimeshagawanywa, na linalobaki ni kujadili nani apunguziwe kijiko. Anayetaka mradi mpya kabisa, zahanati kwa mfano, au darasa la chekechea, aende Agosti. Nilihudhuria kikao kimoja cha Agosti. Tulikuwa watu kumi na wanne, tukiwemo maafisa.

Kuhusu bunge lenyewe sina mengi. Kuingia ni bure, unaacha kitambulisho langoni, unaketi sehemu ya wageni, na hutakiwi kuongea wala kupiga makofi. Siku niliyokwenda shughuli zilianza kwa sala, zikafuata karatasi zilizowekwa mezani, maswali kwa wenyeviti wa kamati, na hoja moja kuhusu ukarabati wa barabara za ndani. Kengele ililia mara moja kuwaita wajumbe ili akidi, yaani idadi ya chini inayotakiwa, itimie. Mjadala ulikuwa wa heshima na baadhi ya wajumbe walikuwa wamesoma ripoti kwa makini, wakitaja kurasa kwa nambari. Mtu anayeona shughuli za kawaida za bunge kuwa za kuchosha ajue kwamba katika kuchosha kule ndimo yanamopitishwa mambo ya mtaro wake. Mimi nilitoka na heshima zaidi kuliko niliyoingia nayo.

Narudi kwenye maoni. Baada ya kikao cha mwaka wa kwanza, sisi wakazi wa barabara ya sokoni tulisubiri kusikia uamuzi kuhusu mtaro. Bajeti ilipita, mtaro haukuwamo, na hakuna aliyetueleza sababu. Mwaka wa pili tulileta jambo lile lile kwa mdomo, kisha tukaandika ardhilhali, yaani ombi rasmi la maandishi, kwa bunge la kaunti, haki inayotolewa na Sheria ya Serikali za Kaunti kwa mtu yeyote. Ilipokelewa vizuri na kugongwa mhuri. Miezi ikapita. Hatimaye tuliandika ombi kwa mujibu wa Sheria ya Upatikanaji wa Habari ya 2016, ambayo inaitaka ofisi ya umma ijibu ndani ya siku 21, na jibu lilikuja kabla ya muda huo kwisha, likiwa na ripoti ya kikao. Humo, mbele ya maoni yetu kuhusu mtaro, liliandikwa neno moja: "Imezingatiwa." Nilipopekua kurasa nyingine nilikuta neno hilo hilo mbele ya taa, mbele ya dawa, mbele ya choo cha soko.

Neno hilo si jibu. Lingekuwa jibu kama lingesema mtaro umekataliwa kwa sababu barabara ile itachimbwa upya kwa mabomba ya maji mwaka ujao, au kwa sababu fedha hazikutosha na wadi jirani ilikuwa na hali mbaya zaidi. Tungeweza kukubali, au tungeweza kupinga tukijua tunachokipinga. Mwaka 2014 Mahakama Kuu ilibatilisha Sheria ya Fedha ya Kaunti ya Kiambu ya 2013 kwa kuwa umma haukushirikishwa ipasavyo, na tangu hapo kaunti zote zimejua kwamba ushirikishaji lazima uwe wa kweli, usiwe wa kutimiza utaratibu tu. Lakini kaunti yetu, kwa maoni yangu, imeyachukua mafunzo hayo upande mmoja. Imejifunza kutangaza, kukodi viti, kuandikisha majina ya waliohudhuria na kuwapiga picha, yaani yote yanayoweza kuonyeshwa mahakamani kuwa ushahidi wa kusikiliza. Kujibu bado haijajifunza, na watu wasiojibiwa huacha kuja. Nimewaona wakipungua: wauza mitumba waliojaa mstari mzima mwaka wa kwanza hawakuwapo mwaka wa pili, na nilipomuuliza mmoja wao alinijibu kwamba muda wake ana pa kuupeleka.

Kwa hiyo, kwa mapokezi na adabu ya maafisa nawapa alama nzuri, na kwa lugha ya nyaraka alama ya chini. Kwa kurudisha majibu, hadi mwaka jana nisingewapa chochote. Anayekwenda Mei abebe maji yake, afike mapema ili ashike nakala ya kitabu kabla haijazunguka, aandike ombi lake pamoja na fungu analopendekeza lipunguzwe, na akabidhi nakala hiyo kwa mwandishi wa kikao ili lisinakiliwe kwa maneno ya mtu mwingine.

Nasema hadi mwaka jana kwa sababu Julai hii msimamizi wa wadi, bila kushurutishwa na mtu, alibandika ukutani mwa ofisi yake karatasi moja ya Kiswahili yenye safu tatu: lililoombwa, lililoamuliwa na sababu. Chumba cha barafu kimekubaliwa, kwa fedha zilizopunguzwa kwenye safari. Choo cha soko kitafunguliwa baada ya maji kuunganishwa. Mtaro wetu umekataliwa tena, na mbele yake pameandikwa kwamba mchoro wa mhandisi haujakamilika na kwamba suala litaletwa katika mpango wa Septemba. Watu walisimama mbele ya karatasi ile wakisomeana kwa sauti, na mama muuza samaki aliomba asomewe mara mbili. Sisi wa barabara ya sokoni tumeshaiandikia ofisi ya mhandisi tukiomba kuuona mchoro huo kabla ya Agosti.