Nimebadili jina kwa mama wakili wa Ngamiani, nyota 4 na ya tano nimeizuia makusudi

Nilijiahidi nikimaliza ntaandika maana mie mwenyewe nilitafuta mwezi mzima mtu wa kuniambia inakuaje sikumpata. Ni ofisi ndogo ya wakili huku Ngamiani kwenye barabara za namba, ghorofani juu ya duka la spea za baiskeli, ngazi nyembamba mkikutana mmoja wenu arudi chini. Jina la ofisi silitaji na langu silitaji, mtanisamehe, Tanga hii ndogo.

Mie mwanaume transjenda. Kwa asiyeelewa, nilizaliwa nikaambiwa wa kike nikapewa jina la bibi yangu, saa hizi nina ndevu. Kiswahili chetu hakina shida, yeye ni yeye tu hakuna yeye wa kike wala wa kiume, kinachoniumbua ni jina. Mwaka jana nimeenda benki moja kutoa hela yangu mwenyewe, dada wa dirishani kaangalia kitambulisho, kaniangalia mie, kaangalia tena, akasema kwa sauti mwambie mwenye akaunti aje mwenyewe. Foleni nzima kimya. Nikatoka nikachukua baiskeli yangu nikaisukuma mpaka nyumbani, hata kuipanda sikuweza.

Sasa mama wakili. Nimefika nimekuta watu watano mbele yangu, feni inatoa kelele kuliko upepo, nimekaa karibu masaa mawili, hapo wajirekebishe wawe wanapanga miadi. Ila kitu kimoja kilinishangaza, kijana wa mapokezi haiti majina. Anakuja mpaka ulipokaa anakwambia zamu yako karibu. Nikajua bahati tu kumbe ndo utaratibu, wateja wao wengi ni wa talaka na mirathi na hao nao hawapendi kutangazwa.

Nimeingia, shkamoo mama, marahaba, kaniangalia kidogo akauliza "nikuite nani mwanangu?" Basi, hajauliza kingine, na mnajua watu huwa wanatuuliza nini.

Akanieleza taratibu. Hati ya kubadili jina, wenyewe wanaiita didipoli, anakuandikia wakili, unasaini mbele yake kwamba lile jina la zamani umeliacha, halafu inasajiliwa kwa msajili wa hati upande wa ardhi sio mahakamani kama nilivyokua nadhani, na hiyo ndo unapeleka NIDA, benki na kwengine. Akasema kubadili jina sio kosa, wanaoolewa wanabadili, wanaosilimu wanabadili. Mie woga ulikua umenikaa toka ile 2018 mkuu wa mkoa wa Dar aliposema anaunda kikosi cha kusaka mashoga, maana huku mtaani sote tunatiwa kapu moja. Serikali ilikuja kusema yale ni maoni yake binafsi sawa, lakini woga ukishaingia haungoji tamko.

Nyota ya tano ilipotelea hapa. Nilienda na jina langu kamili mkononi, la kiume haswa, nimelibeba toka kidato cha pili simwambii mtu. Mama akaweka kalamu chini. Akasema jina ntakuandikia lolote ila hati hii inabadili jina tu, pale kwenye jinsia patabaki vilevile, sheria ya kubadilisha hapo hatuna. Afrika Kusini wanayo toka 2003. Kenya yupo Audrey Mbugua, mwanamke transjenda, alilipeleka baraza la mitihani mahakamani na 2014 Mahakama Kuu ikaamuru cheti chake kibadilishwe jina na alama ya jinsia itolewe, lakini hukumu ya Nairobi haimlazimishi karani wa Tanga. Ukiwa na jina la kiume na jinsia ya kike, dirishani watakusimamisha tena. Akanitajia Zawadi, Bahati, Shukuru, majina yanayokwenda kotekote.

Wallahi niliumia. Niliona kama nimeenda kununua kanga doti nimepewa kipande kimoja. Nikashuka nikanunua dafu nikalinywa nimesimama, nikapanda tena zile ngazi nikachukua moja kati ya yale aliyotaja. Kitambulisho kipya kilipotoka, na hiyo stori nyingine ndefu, nikaenda benki ileile. Dada yuleyule. Kaangalia mara mbili, kahesabu hela, kanipa. Kwahiyo mama alikua sahihi, na nyota bado nimeizuia, najua sio kosa lake ila sina pengine pa kuizuia.

Bei 80,000 kazi ya wakili, ada za usajili mbali, risiti wanatoa bila kuombwa. Ijumaa nendeni mapema, saa sita wanafunga wanaenda msikitini. Na kopi msipige kwao, mashine yao inachora mstari mweusi katikati ya karatasi, kopi yangu ya kwanza ulipita juu ya jina jipya puu, ikabidi nikarudie stationari ya chini kwa 200.