Uzoefu wangu na terapia ya masaa mengi kwa mtoto mwenye usonji

Nianze na jibu kabisa maana najua ndo mnalotaka: ndiyo, imemsaidia dogo wangu, ila kilichomsaidia si kile wanachokiuza. Wanachouza ni masaa. Ukiingia ofisini kwao, kila kitu ni masaa, kifurushi cha masaa haya, kifurushi cha masaa yale, ukichukua kikubwa unapunguziwa, yaani kama unanunua bando.

Kijana wangu ana usonji, tulipoanza alikuwa hajafika miaka minne, maneno yake ya kuhesabu vidole, akitaka kitu anakushika mkono anakuburuta mpaka kilipo. Daktari akasema msikae mnasubiri akue, na hapo namuunga mkono kabisa. Tukaingia kituo fulani (jina sitaji) kwenye ile programu yao kubwa, asubuhi mpaka alasiri, Jumatatu hadi Ijumaa, ndani yake kuna tiba ya tabia, spichi (ya kumsaidia kuongea), na ile ya okupesheno ya kufundisha mikono na shughuli kama kuvaa na kushika penseli.

Mratibu wao akatuambia masaa 40 kwa wiki ndo kipimo, chini ya hapo ni kupoteza hela, na kwamba utafiti unaonyesha nusu ya watoto "wanakuwa kawaida". Mimi ni mtu wa kuuliza sana, mke wangu anajua, nikaenda kuutafuta huo utafiti. Upo kweli. Ni wa Lovaas, mwanasaikolojia wa chuo kikuu cha UCLA kule Marekani, ulitoka 1987. Watoto waliopata masaa 40 walikuwa 19, kwa miaka miwili au zaidi, na 9 kati yao wakafika darasa la kawaida na IQ ya kawaida. Sawa. Ila watoto hawakugawanywa kwenye makundi kwa bahati nasibu, na kitu ambacho mratibu hakukigusa, humo ndani kulikuwa na adhabu, mtoto anafokewa "hapana" kwa sauti na mara nyingine anapigwa kofi la paja. Sasa hiyo 40 unaikata kwenye utafiti wa hivyo, unaibandika kwenye tangazo la leo, halafu mzazi aliyechanganyikiwa na ripoti ya daktari anatoa akiba yote. Mwaka 2024 ukatoka uchambuzi kwenye jarida la JAMA Pediatrics, wamekusanya tafiti zaidi ya mia moja za watoto wadogo wenye usonji, hawakupata ushahidi thabiti kwamba kuongeza masaa kunaongeza matokeo. Nilimpelekea mratibu. Akasema asante kwa kushea.

Haya tuje kwenye huduma yenyewe.

Asubuhi dogo alikuwa na dada mmoja wa spichi, na huyu dada ndo sababu ya nyota zote nitakazotoa hapa. Hakuwa na meza. Alikuwa anakaa chini kwenye mkeka na kichupa cha mapovu ya sabuni, anapuliza mara moja, mapovu yanapaa, dogo anaruka ruka kuyapasua, halafu yeye anafunga kifuniko, anakishika kichupa karibu na uso wake, ananyamaza. Kimya kabisa. Mimi nimekaa pembeni midomo inaniwasha, natamani kumwambia mtoto sema mapovu, sema mapovu baba, na huyu dada bila hata kugeuka ananiambia "Baba, tulia kidogo, mpe nafasi." Dogo akausukuma mkono wake. Dada hajasogea. Dogo akajaribu kifuniko mwenyewe, kigumu. Ndo akanyanyua macho, akamwangalia usoni, akatoa "po". Kabla sijajua kama nimesikia vizuri kifuniko kishafunguka na mapovu yako hewani. Hakuna pipi, hakuna makofi ya hongeraaa, zawadi ilikuwa ni kile kile alichokiomba.

Baadaye akanieleza kwamba watoto wengi wa aina hii wanahitaji muda zaidi kupokea ulichosema na kupanga jibu, na sisi watu wazima tunaujaza ule muda na maneno, mtoto anakuta foleni imeanza upya kila akikaribia dirishani. Toka siku hiyo nyumbani kwetu tunasubiri. Mlangoni, kwenye kuvaa viatu, kwenye kuwasha bomba, unafanya nusu halafu unasubiri. Mke wangu ana subira kuliko mimi, kwa hiyo kwake dogo alianza kuomba vitu kwa sauti mapema kuliko kwangu, na wala sioni haya kusema.

Alasiri sasa, ilikuwa dunia nyingine. Meza, kiti kidogo, kadi za picha. "Onyesha mpira." Akionyesha, pipi. "Onyesha kikombe." Pipi. Grafu zao zilikuwa zinapanda vizuri tu, kila mwisho wa mwezi unapewa karatasi ya rangi, mstari unaelekea juu. Lakini mpe mpira wa kweli uwanjani umuulize ni nini, anakutazama tu. Neno "nataka" alikuwa analisema kwenye ile meza, kwa yule mtaalamu, mbele ya ile pipi, basi. Kwenye fani wanajua hili tatizo, ujuzi unabaki pale pale ulipofundishwa kama hujafundishwa sehemu tofauti na watu tofauti, na ndo maana nikawa najiuliza ile grafu inapima nini hasa. Inapima kadi.

Na uchovu. Jamani huyu ni mtoto wa miaka mitatu na kitu, mnamweka kazini kama karani. Nikienda kumchukua kola ya shati imelowa mate kwa kutafunwa, na nikiiona hivyo najua kabisa jioni hatutapata kitu, ni kulia na kujirusha mpaka usingizi umchukue. Wenyewe wanaita "kipindi cha kuzoea". Kikawa hakiishi.

Kilichonikera zaidi, kuna mmoja wa alasiri (hawa walikuwa wanabadilika badilika sana, ukimzoea huyu kesho yuko mwingine) alikuwa anamshika dogo kidevu ili amwangalie machoni. Nikauliza kwa msimamizi, naambiwa ndo protokali. Watu wazima wenye usonji wameshaeleza sana kwamba kulazimishwa kuangalia macho kunawaumiza, na kwamba wengi wanasikiliza vizuri zaidi wakiwa wanaangalia pembeni. Nikaandika barua, ikaacha kufanyika kwa mwanangu. Kwa wengine sina uhakika.

Sasa nisiwe mtu wa kukandia masaa mengi kwa kila mtoto, maana pale pale mapokezi nilijifunza tofauti. Kulikuwa na mama mmoja, binti yake ana mtindio wa ubongo upande mmoja, mkono wa kushoto hautumiki sana. Wao waliingia kwa wiki chache tu, ila kwa siku ni masaa kadhaa, ule mkono usio na shida unavalishwa glovu ngumu ili mwingine ulazimike kufanya kazi, kubomoa minara, kufungua zipu, kuchota mchanga. Huyo mama aliniambia, "Baba, wako anachoka kichwa, mimi wangu nataka achoke mkono." Na yuko sahihi. Hiyo tiba ina ushahidi mzuri. Iona Novak na wenzake kule Australia walipitia tafiti za mtindio wa ubongo wakazipanga kama taa za barabarani (kijani fanya, nyekundu usifanye), toleo jipya la 2020, na hiyo ya kufunga mkono iko kijani, pamoja na mazoezi ya mikono miwili, mazoezi ya lengo maalum ambalo mtoto analifanya mwenyewe, na programu za nyumbani. Mtoto kunyooshwa tu viungo amelala, mtu mwingine ndo anafanya kazi, hiyo haina maajabu. Lile vazi la kamba na mpira, lenye asili ya mavazi ya wanaanga wa Kisovieti, linapendeza sana kwenye picha, ushahidi wake hafifu.

Chemba ya oksijeni, ile ya kumfungia mtoto avute oksijeni kwa presha, kwenye orodha hiyo iko nyekundu. Nataja hii kwa sababu na sisi tulitongozwa nayo, eti "inaamsha ubongo", nyongeza nje ya kifurushi. FDA, mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, ilishatahadharisha watu toka 2013 kwamba haijathibitishwa kutibu usonji. Mkisikia tiba ya seli shina (stem cells) pia kimbieni.

Ilipofika kipindi cha kuongeza mkataba tukaomba kitu ambacho naona kiliwashangaza: asubuhi tu, dada yule yule, na mzazi mmoja awe ndani ya chumba. Wakasema mtoto akimwona mzazi hafanyi kazi. Nikawaambia kuhusu PACT, utafiti wa Uingereza wa watoto 152, matokeo ya kwanza yalitoka 2010, wao waliwafundisha wazazi kwa kuwarekodi video wakicheza na watoto wao, wanaangalia pamoja na mtaalamu, pale umeharakisha, hapa umemwona. Miezi sita ya kwanza ni vikao 12 tu. Mwanzoni matokeo kwenye dalili zenyewe hayakuwa makubwa, lakini walipofuatilia wale watoto, ripoti ya 2016, dalili zilikuwa nafuu kuliko za kundi ambalo wazazi wake hawakufundishwa hivyo, miaka kama sita baadaye. Wakakubali kwa shingo upande, na bei hawakupunguza kwa uwiano, hilo nalo mlijue.

Kingine kizuri cha huyo dada, alimwanzishia dogo tableti yenye picha za kubonyeza. Bibi yake aliogopa atakuwa mvivu wa kuongea. Haijawa hivyo, anabonyeza halafu anajaribu kulisema, na hasira zimepungua maana sasa anaweza kukuambia "hapana" bila kukung'ata.

Ukienda kuulizia vituo, waulize nani hasa atakaa na mtoto, si nani anasaini ripoti. Waulize lengo la mwezi wa kwanza ni nini, wakikujibu "kuboresha mawasiliano" uliza tena, lengo la kweli linasikika kama "aombe kwenda chooni mwenyewe". Na omba kuingia chumbani. Wakikataa moja kwa moja, mimi ningegeuza.

Nyota: asubuhi tano. Alasiri moja, na hiyo ni kwa usafi wa vyoo. Ningejiandikisha tena? Kwa dada yule, nikiwa nimekaa pembeni ya mkeka, hata kesho. Kifurushi kizima, hapana.