Jiolojia au jiofizikia: uchague shahada ipi?

Jiolojia huanzia mkononi. Unavunja jiwe kwa nyundo, unachungulia pale palipovunjika kwa lenzi inayokuza mara 10, kisha unadondosha asidi hafifu. Likitoa povu, yaelekea ni jiwe la chokaa. Zoea buti zenye tope na daftari lililojaa michoro.

Jiofizikia hushughulika na miamba isiyoonekana, kwa kupima mawimbi ya tetemeko, nguvu ya mvutano na usumaku. Ndivyo Inge Lehmann, mwanasayansi wa Denmark, mwaka 1936, alivyotambua kuwa dunia ina kiini cha ndani, bila kuchimba hata shimo moja! Ila hesabu na kuandika programu za kompyuta hukwepi. Kama hesabu zinakutoa jasho, nenda jiolojia, ingawa huko nako kemia inakusubiri.